Safari ya Kutembea Tu: Je, ni Wakati Uliopotea?



Kuna swali ambalo huulizwa barazani kwa kicheko, walakini ukilitazama vyema utaona si la kucheka. Mtu mzima mwenye akili zake, aliyekwisha kupata watoto na wajukuu, anapanda gari na mwenziwe wakazunguka milimani siku nne au tano. Hawendi kununua wala kuuza, hawendi kumzuru mgonjwa, hawendi kuzika, hawendi kusoma wala kusomesha. Wanakwenda kutembea tu. Je, siku zile ni zake, azitumie apendavyo? Au ni rasilimali iliyomwagwa njiani, nayo ataulizwa?

Mimi mwenyewe nimeulizwa swali hili. Mwezi wa Oktoba uliopita nilialikwa Oman na sahibu yangu, mtu tuliyekaa naye jamvi moja chuoni tukiwa wadogo. Baada ya mwaka 1970, serikali mpya ya Oman ilipowaita watu wa asili ya huko waliokuwa wametawanyika, wengi waliokuwa Afrika Mashariki waliitikia, na wazee wake walikuwa miongoni mwao. Aliondoka akiwa kijana asiyeota ndevu. Safari hii alinipelekea tikiti, akaniambia, "Njoo tutembee milimani kharifu hii, wala usije na kazi." Khabari ilipojulikana, mtu mmoja wa msikitini kwetu, mtu mwema ninayemheshimu, aliniambia kwa adabu, "Shekhe, nauli hiyo ingaliezeka paa la chuo."

Neno lake lina haki ya kujibiwa, kwani paa lenyewe linavuja kweli. Na mimi sitaki kulijibu kwa kulikwepa, bali nitaanza kwa kulitia nguvu.

Hadithi ya Mtume (s.a.w.) iliyo sahihi yatufundisha kwamba safari ni kipande cha adhabu: humzuilia mtu usingizi wake, chakula chake na kinywaji chake, basi msafiri akishamaliza haja yake na aharakishe kurudi kwa watu wake. Msomaji ataona kwamba hapa safari imefungwa na haja, na haja ikiisha, na safari iishe. Kadhalika wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi wamesema kwamba msafiri hupunguza Sala ikiwa safari yake si ya maasi, lakini yule aliyeshika njia asiyejua aendako, ambaye humwita haimu, hana rukhsa hiyo hata akienda mwendo mrefu. Sheria imemtazama mtu anayezurura bila ya makusudio ikamwambia: wewe umechoka, lakini hujasafiri. Basi aliyenikumbusha paa la chuo ana ushahidi mzito mkononi.

Lakini sasa natuulize: haja ni kitu gani? Hapa ndipo penye fundo. Sisi watu wa pwani tumezoea kuhesabu haja kwa kile kinachorudi ndani ya mfuko au kinachoandikwa katika daftari. Kwenda Mombasa kuchukua mzigo ni haja. Kwenda kuposa ni haja. Kwenda kukaa na mtu, ukamsikiliza mpaka akamaliza, hilo twaliita kupoteza wakati, ila akiwa mgonjwa kitandani. Yaani mtu huanza kuwa na haki ya wakati wetu siku aliyokwisha kushindwa kukaa kitako. Hesabu hii ina kasoro, na nitakuonyesha kwa mfano nilioukuta huko huko milimani.

Kutoka Maskati hata Nizwa ni kiasi cha kilomita 160. Ni njia pana ya lami, na mwenye haraka huimaliza kwa muda usiofika saa mbili. Sisi tulitwaa siku nzima. Njia hupita katika mwanya wa Sumail, ambao ndio unaoigawa milima ya Hajar sehemu mbili, ya mashariki na ya magharibi. Milima ile haina majani kama ya Usambara au ya Taita. Ni mawe matupu, rangi ya kahawia na ya majivu, na katikati ya mawe hayo mara utaona mstari wa kijani, mitende imesongamana kama watu waliokimbilia kivuli. Kila penye mstari wa kijani pana falaji.

Falaji ni mfereji wa maji, baadhi yake ukipita chini ya ardhi, unaotoa maji mbali ukayaleta mjini kwa kuteremka tu, bila ya mashine. Iko mingi katika Oman, na mitano kati yake iliandikwa mwaka 2006 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Mmoja ni wa Daris, hapo Nizwa. Mwingine ni wa Khatmayn, katika mji wa Birkat al-Mawz, ambao maana ya jina lake ni birika la ndizi, nao uko chini ya mlima Jabal Akhdar. Tulikaa pale kwenye ukingo wa mfereji kwa muda mrefu, na sahibu yangu akanieleza mambo ambayo kwake ni ya kawaida na kwangu yalikuwa darsa.

Maji ya falaji hayagawanywi kwa ndoo. Hugawanywa kwa wakati. Kila mwenye shamba ana zamu yake, na kipimo chake huitwa athari, nacho kwa kawaida ni kiasi cha nusu saa. Zamani mchana walipima kwa kivuli cha mti uliosimamishwa, na usiku kwa kuchomoza kwa nyota zinazojulikana. Maji hutumiwa kwanza kwa kunywa, kisha msikitini na mahali pa kuoga, kisha ndipo yaingie mashambani. Na katika zamu hizo kuna zilizo milki ya watu, kuna zilizorithiwa, na kuna zilizowekwa wakfu kwa misikiti na vyuo. Zamu yako ikifika, mfereji wa jirani huzibwa na wako hufunguliwa. Ikiisha, wako huzibwa. Mtu hawezi kusema, "Mitende yangu ni bora kuliko ya fulani, basi nitwae athari yake." Hata akitaka kuyapeleka maji yale msikitini, hawezi kutoa sadaka kwa athari ya jirani. Msikiti una zamu yake, naye ana yake, na jirani ana yake.

Ndugu msomaji, uhai wetu na wakati wetu ni falaji. Maji ni yale yale, yanateremka usiku na mchana, wala hayarudi juu. Mke ana zamu ndani yake, watoto wana zamu, wazee, jirani, chuo na msikiti wana zamu, na mwili wenyewe una zamu ya kupumzika. Na rafiki naye, yule rafiki wa kweli uliyekula naye chumvi, ana zamu. Imamu Ghazali katika kitabu chake cha Ihya ameweka mlango mzima wa haki za udugu na usuhuba, na mlango mwingine wa adabu za safari. Asingalifanya hivyo lau kuwa mambo haya ni mchezo. Kwa hiyo aliyesema kwamba wakati wa kukaa na rafiki ni wakati uliopotea hana hoja mpaka athibitishe kwamba rafiki hana athari katika falaji hii. Na hilo hatoliweza.

Sasa turejee kwenye paa la chuo. Jawabu jepesi ni kusema: fedha haikuwa yangu, mwenyewe aliitoa kwa ajili ya tikiti, na kitu kilichotolewa kwa sharti hakigeuzwi. Jawabu hili ni sahihi, walakini halitoshi. Mtu atasema, na atakuwa na haki: "Ungalimwambia aibadilishe. Ungalimwandikia kwamba chuo kinavuja, naye asingalikataa." Ni kweli, asingalikataa. Namjua. Angalituma fedha siku ile ile.

Lakini hebu tupime jambo hili kwa insafu. Katika nyumba zetu nyingi za pwani kuna mtu aliyeko Arabuni. Awe mtoto, mjomba, shangazi au ndugu wa chuoni, yuko Maskati, yuko Dubai, yuko Jiddah. Twapigiana naye simu. Na tukisema kweli, twampigia lini? Karo ikifika. Mgonjwa akilazwa. Harusi ikikaribia. Paa likivuja. Anapoona nambari ya nyumbani kwenye simu yake, kabla hajasema "Marahaba" mkono wake umekwisha kwenda mfukoni. Haya si maovu, kwani kusaidiana ni wajibu na aliyejaaliwa ana haki ya kuombwa. Ubaya ni pale kuomba kunapokuwa ndiyo lugha pekee iliyobaki baina yetu naye. Mtu wetu hugeuka kuwa mfuko. Twamwombea dua, naam, lakini twauombea mfuko usitoboke.

Mtu kama huyo akikwambia, "Njoo tutembee, wala usije na kazi," amekuomba kitu kimoja tu: uje kama mtu kwa mtu. Ukimjibu kwamba nauli yake ni bora iwe bati, hujamwibia mali, lakini umemfahamisha kwamba kampani yake ina bei, na bei yake ni chini ya bati. Je, paa lililoezekwa kwa hilo ni paa la kheri? Mimi naona kwamba chuo kina athari yake katika falaji, na wenye wajibu wa kwanza kuifungulia ni sisi ambao watoto wetu wanakaa chini yake. Tusiende kuiziba zamu ya mwenzetu, aliye bahari ya pili, ili tusichange wenyewe.

Tulipanda Jabal Akhdar siku ya pili. Mahali pa kuanzia mlima, polisi husimamisha kila gari, na hawaruhusu kupanda ila gari inayovuta kwa magurudumu yote manne. Juu ni uwanda wa Saiq, kiasi cha mita 2,000 juu ya bahari, na jioni mtu hutafuta shali. Huku kwetu wakati huo ni demani. Kule makonde yamejengwa kama ngazi kwenye kingo za magenge, kila ngazi ina ukuta wa mawe, na juu yake mikomamanga. Mavuno yake huwa mwezi wa Septemba na wa Oktoba. Tulikuta makomamanga ya mwisho mitini, na majani yameanza kugeuka manjano. Hatukufanya kazi yoyote. Tulikaa, tukatembea kidogo, tukakaa tena. Kahawa na tende, kisha Sala, kisha kukaa.

Siku ya tatu, tumeketi kwenye ukuta wa konde, sahibu yangu akaanza kusema jambo. Silitaji hapa, kwani ni amana, na lau ningalilitaja usuhuba ninaousifu ungalikuwa wa mdomoni. Nitasema tu kwamba lilikuwa limemkaa kifuani kwa miaka, kwamba lilihusu nyumba yake, na kwamba hakupata kulisema kwa simu katika mamia ya mara tulizozungumza. Siku ya kwanza tulizungumza bei za vitu na khabari za watu waliokufa. Siku ya pili tulizungumza utoto. Siku ya tatu ndipo moyo ukafunguka. Nami sikulivuta neno lile kutoka kwake, wala nisingaliweza kulivuta. Mazungumzo ya namna hiyo hayaji kwa kuitwa. Huja yenyewe, pakiwa na nafasi, na aliyekuja kwa saa moja huku akitazama saa yake hayakuti nyumbani.

Hii ndiyo haja ambayo msafiri anayepima kwa mfuko haioni. Huenda sahibu yangu mwenyewe hakuijua alipotuma tikiti. Basi, je, safari ile ilikuwa haina makusudio? Tulikuwa tunajua tuendako, kwa hiyo hatukuwa haimu kwa hukumu ya fikihi. Na haja yetu ilikuwa ipo njiani mle mle, siyo mwisho wake.

Lipo na faida jingine la safari ya taratibu, nalo ni kumjua mtu. Imesimuliwa kwamba Sayyidna Umar (r.a.) aliletewa mtu aje kumshuhudia mwenziwe kwa wema, akamwuliza: je, ni jirani yako? Umefanya naye muamala wa fedha? Umesafiri naye? Kote akajibu hapana, basi akaambiwa kwamba hamjui. Na wanazuoni wamesema kwamba safari imeitwa hivyo kwa Kiarabu kwa sababu asili ya neno hilo ina maana ya kufunua, nayo hufunua tabia za watu. Nami naongeza kwamba safari ya haraka hufunua nusu tu. Humwonyesha mtu mwenye hasira na mwenye subira, kwani taabu zipo. Lakini je, nani ataonekana kuwa hana pupa, kama hakuna nafasi ya kungojana? Katika gari moja wapo wawili: mmoja hutaka kusimama kila penye mandhari, na mwingine hutaka kufika. Mmoja goti lake linauma, na mwingine bado ana nguvu. Mwendo ni wa nani? Adabu yataka mwendo uwe wa aliye dhaifu zaidi, na asifanywe aone kwamba anangojwa. Hili ni dogo katika maneno na zito katika kutenda, na nyumba nyingi zimevunjika kwa sababu ya mtu mmoja kutembea mbele siku zote bila ya kugeuka.

Wakati wa kuteremka mlima ule, vibao vimewekwa njiani kuwaonya madereva watie gia ndogo, na pembeni zimechongwa njia za mchanga kwa gari iliyopotelewa na breki. Sahibu yangu alisema kwamba wageni huogopa kupanda, na wenyeji huogopa kuteremka. Sisi tulio katika umri wa sitini na kitu tuko katika mteremko, ndugu msomaji. Wengi wetu twateremka kwa gia kubwa, tukikimbilia kumaliza hili na lile, na breki zikishika moto ndipo tunapokumbuka fulani tuliyekuwa tukimpenda, nasi hatukumwona miaka thelathini.

Wala usidhani kwamba nahubiri kuzurura. Safari ya kutembea ina mipaka yake. Kwanza, isiliwe ndani yake haki ya mtu: deni lililofika wakati wake, matumizi ya nyumba, mgonjwa asiye na mwuguzi. Aliyeacha hayo akaenda kutazama milima amechukua athari ya mwenziwe. Pili, isiwe ya kujionyesha, mtu akapanda juu ili apate cha kuwasimulia walio chini, au picha za kuwatia wivu. Tatu, na hili ndilo linalosahauliwa, isiwe ya kumkimbia mtu. Wako wanaosafiri na marafiki mwaka hata mwaka kwa sababu hawawezi kukaa saa moja na wake zao. Huyo hajafungua zamu ya rafiki, bali ameziba ya mkewe. Safari ikisalimika na hayo matatu, mimi siioni kuwa ni upuuzi.

Nizwa ilipata kuelezwa na msafiri ambaye pwani yetu inamjua, Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa karibu na mwaka 1331, kisha akaenda zake Oman. Amesimulia kwamba watu wa Nizwa walikuwa na ada ya kula katika nyua za misikiti yao, kila mmoja akileta alichonacho, wakakaa pamoja, na mpitanjia akala nao. Itazame ada hiyo vizuri. Hapana shaka kila mmoja wao angaliweza kula kwake upesi zaidi na kurudi kazini. Walichokuwa wakikitafuta uani si chakula, kwani chakula walitoka nacho nyumbani. Na msafiri yule aliyekwisha kuona miji na wafalme aliliona jambo hilo kuwa linastahili kuandikwa.

Basi, ndugu msomaji, si lazima upande ndege wala upate milima. Huenda rafiki yako yuko mtaa wa pili. Chukueni siku moja mwende shamba, au mvuke mpaka kisiwa cha pili, au mtembee ufukweni kutoka Alasiri hata Magharibi, na simu mziache nyumbani. Na kama mtu wako yuko ng'ambo, mpigie juma hili simu isiyo na ombi ndani yake. Mwulize hali, kisha nyamaza umsikilize. Atangoja uliseme lile ulilolipigia. Muache angoje mpaka ajue kwamba halipo.

Ama paa la chuo, tumekubaliana na yule ndugu aliyenikumbusha. Tumeanza mchango, kila nyumba kwa kadiri yake, na yeye ndiye mshika daftari. Jina langu ameliandika la kwanza, nami nimetoa.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe kumpa kila mwenye haki haki yake. Wallahu aalam.